Sheria za kelele na hatima ya kumbi za dansi

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali wakaao Mabibo, Dar es Salaam. Yamepunguzwa kidogo kwa sababu ya nafasi.)



Nilipoletewa habari kwamba nije niseme neno juu ya sheria za kelele, nilidhani kwanza kuwa nimeitwa kujibu mashtaka. Katika mtaa huu inafahamika kuwa sisi waandishi wa gazeti la Chama ni watu wapendao dansi, na shtaka hilo mimi silikatai. Lakini nakaa hapa hapa Mabibo, na nyuma ya nyumba nipangayo ipo baa yenye spika mbili zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye dirisha la chumba nilalamo. Kwa hiyo nimekuja nikiwa mshtakiwa na mlalamikaji kwa pamoja, na naomba nisikilizwe kwa nafasi zote mbili.

Tuanze na mambo yalivyotokea. Mwezi Mei mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lilizifunga baa na kumbi za starehe 89 katika sehemu mbalimbali za nchi kwa kosa la kupiga kelele kupita kiasi. Nguvu ya kufanya hivyo Baraza lilipewa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kabla ya hapo, Novemba 2022, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilikuwa imetangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa tena leseni katika maeneo ya makazi. Hatua hizi mbili zilipokelewa kwa shangwe na watu wengi, na shangwe hiyo ilikuwa na haki yake. Mtu aliyekesha mwaka mzima akisikiliza muziki asiouomba hawezi kulaumiwa akifurahi unapozimwa.

Linalonitia wasiwasi ni maneno yaliyofuata. Tangu wakati huo, katika mikutano ya mitaa, ofisini na ndani ya daladala, husikika mapendekezo ya kwenda mbali zaidi. Wapo wasemao kwamba kila ukumbi wa muziki uondolewe katika makazi ya watu. Wapo watakao saa moja ya kufunga iwekwe kwa nchi nzima. Wapo waonao kuwa dawa ni kuzipandisha ada za vibali mpaka wasio na fedha waache wenyewe. Mapendekezo ya namna hii huanza kama manung'uniko ya barazani, na tukishtuka yamekwisha kuwa sheria ndogo ya Halmashauri yenye faini na kifungo. Na ninyi mlioko hapa ndio mtakaotakiwa kuziandika, kuzichapa, kuzibandika ukutani na kuzisimamia sheria hizo. Ndiyo maana naona yafaa tuzungumze sasa.

Swali langu ni moja. Je, tunapotunga sheria ya kuzuia kelele, tunajua ni kitu gani tunachokizuia?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Nawaomba radhi walimu wa fizikia nikiyasema haya kwa lugha ya barazani. Kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo za unga. Zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara 10, ingawa sikio letu huhisi kama imezidi mara mbili tu. Mtu akinong'ona hufikia kama desibeli 30. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida hufikia kama 60. Mbele ya jukwaa la bendi iliyopamba moto kipimo hupita 100. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kuwa chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30, na darasa wakati wa masomo lisizidi 35. Mwalimu yeyote wa shule iliyo kando ya barabara anajua kwamba shauri la pili halitimizwi hata mchana, wala hapo hapana bendi iliyohusika.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndiyo kiini cha habari. Sauti ikitoka mahali palipo wazi, ukiuzidisha umbali mara mbili inapungua kama desibeli 6 tu. Yaani ukumbi ulio meta 50 kutoka dirishani kwako ukihamishwa hadi meta 100, nafuu utakayoipata ni ndogo mno. Lakini ukuta mmoja wa matofali uliopigwa lipu vizuri, usio na upenyo, huweza kupunguza zaidi ya desibeli 40. Mwenye kutaka usingizi wa jirani angehangaika zaidi na ukuta kuliko na umbali. Na kumbi zetu hazina kuta! Ni paa la bati au la makuti, nguzo, sakafu ya saruji, na ua wa mabati unaofika kifuani. Hazikujengwa hivyo kwa ujinga. Hapa ni pwani, na watu mia tatu wakicheza ndani ya kuta nne bila upepo wataanguka kabla ya wimbo wa tatu. Mwenye ukumbi akijenga kuta itambidi anunue mitambo ya kupoza hewa, na mitambo hiyo itaila fedha yote ya kiingilio. Hilo ni tatizo la ujenzi na la mtaji, na halitatatuliwa kwa kufuli la askari.

Pili, kipimo cha desibeli hakijui tofauti ya mfanyakazi na kasha. Nieleze maana yangu. Hapa mtaani kuna vitu viwili ambavyo sote tunaviita muziki wa baa. Kimoja ni bendi: waimbaji, wapiga magitaa, wapiga tarumbeta na saksafoni, mpiga tumba, mpiga dramu, fundi mitambo, mkata tiketi mlangoni, pengine watu ishirini wenye familia, wapigao siku mbili au tatu kwa juma na kwa saa zinazojulikana. Kingine ni spika iliyounganishwa na simu, iwashwayo saa nne asubuhi mteja wa kwanza anapoagiza soda, na izimwayo mwenye baa anapokumbuka. Kifaa hicho hakimlipi mtu mshahara, wala hakina kiingilio. Sheria ikija ikiwatishia wote wawili faini ya namna moja, mwenye baa atafanya hesabu. Bendi ni gharama kubwa na hatari kubwa, spika ni bure. Ataifukuza bendi, ataibakiza spika, na ataipunguza sauti siku ambayo mkaguzi anatarajiwa kupita. Nasi tutakuwa tumetunga sheria iliyowaua wapiga muziki na kuiacha kelele mahali pake.

Ndugu zangu, si mambo ya kubuni haya. Jirani yangu mmoja hupiga gitaa la besi. Ukumbi waliokuwa wakipiga ulifungwa kwa majuma matatu mwenyewe akishughulikia masharti. Ulipofunguliwa, ulifunguliwa bila bendi. Nilipomwuliza habari yake alinijibu kwamba yeye hana ugomvi na sheria, ila angependa kujua kwa nini faini ilitozwa mwenye baa na adhabu ikaja kwake. Ana watoto wawili wanaohitaji nauli na madaftari kila asubuhi. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sijalipata.

Wako watakaosema: dansi ni starehe, na starehe si jambo la kuisumbua Serikali. Huko ni kusahau historia yetu. Pengine hakuna nchi nyingine katika Afrika Mashariki ambayo dola yenyewe ilijitwisha mzigo wa muziki wa dansi kama ilivyofanya Tanzania. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na wapiga muziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi kama karani au dereva. NUTA ilipogeuka kuwa JUWATA mwaka 1977, bendi nayo ikabadili jina. Ilipokuja OTTU katika miaka ya 1990, ikabadili tena, na leo mnaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi, Jeshi, Magereza na JKT vilikuwa na bendi zao. Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, ambalo lilikuwa mali ya Jiji, liliichukua Mlimani Park Orchestra, ambayo mashabiki huiita Sikinde. Na bendi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1978 ilipewa jina la ukumbi wake. Ukumbi ulitangulia, bendi ikafuata.

Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa na bendi iliyoitwa Urafiki Jazz, yenye mwimbaji aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Wazee wa Mabibo waliofanya kazi zamu za kiwanda hicho watawaambieni zaidi kuliko mimi, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa sijazaliwa. Mtu alisokota nyuzi zamu ya mchana, na jioni akamsikiliza mfanyakazi mwenzake akiimba juu ya unyumba, ulevi, deni na mama mkwe. Nyimbo zile zilirekodiwa na Radio Tanzania, zikasikika Kigoma na Songea, na kwa sehemu kubwa ndizo zilizomfanya mtu wa Kigoma na mtu wa Songea wacheke kwa utani mmoja na kwa lugha moja. Sisi tulioingia Chuo Kikuu tulisoma vitabu vizito juu ya ujenzi wa taifa. Sikumbuki kitabu hata kimoja kati ya hivyo kilichotaja gitaa la besi, nami naona huo ni upungufu wa vitabu.

Mambo yalibadilika. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, na mashirika ya umma yalipouzwa au kufa katika miaka ya 1990, mishahara ya wapiga muziki ilikwenda na mashirika hayo. Bendi nyingi zilikufa. Zilizobaki ziliishi kwa kitu kimoja tu, yaani fedha ya mlangoni. Ndiyo kusema kwamba ukumbi, ambao zamani ulikuwa mahali pa kuonyesha kazi, sasa ndio mwajiri. Ukiufunga ukumbi leo umefanya kile ambacho kufunga kiwanda kungefanya zamani. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba na NUTA na kuwamo miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, aliimba karibu miaka hamsini na akafariki Aprili 2014. Kazi ya mtu kama huyo hujengwa usiku hadi usiku, mbele ya watu waliolipa na wenye haki ya kuguna. Haijengwi studio.

Ni kweli pia kwamba sisi wenyewe, kwa nyakati mbalimbali, tumekuwa wepesi wa kupiga marufuku. Wakoloni waliziangalia ngoma za beni, za Arinoti na Marini, kwa jicho la mashaka, kwa sababu waliona Waafrika wamejipanga kwa vyeo na nidhamu bila ruhusa yao. Hilo tunalielewa. Lakini mwaka 1969, miaka minane baada ya Uhuru, muziki wa ‘soul’ kutoka kwa Wamarekani Weusi ulipigwa marufuku hapa Dar es Salaam kwa amri ya mkoa. Nia ilikuwa njema: kuwalinda vijana na kasumba za kigeni. Matokeo yake je? Vijana waliopenda muziki ule hawakugeuka kuwa wapenzi wa mganda. Walichukua magitaa yao wakatafuta mtindo wao wenyewe, na mwaka 1977 Patrick Balisidya na Afro 70, kundi la mjini hapa lenye magitaa ya umeme, waliiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos. Marufuku haikuleta utamaduni ule. Uliletwa na vijana waliokuwa na mahali pa kupigia.

Hata Mwalimu, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwacheka wasomi waliojua rumba na chachacha na hawazijui ngoma za kwao. Alikuwa na haki kuwacheka. Ila historia nayo ina ucheshi wake: rumba ile ile, ikipitia mikononi mwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro na Salum Abdallah wa Cuban Marimba, iligeuka kuwa muziki ambao leo tunauita wa kwetu, na tunaulilia unapokufa.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Mchiriku ulikatazwa mara kwa mara. Vigodoro, yaani ngoma za usiku kucha za mitaani katika sherehe za uswahilini, vimepigwa marufuku na viongozi wa wilaya na mkoa kwa nyakati tofauti, na mimi sitavitetea vigodoro vyote. Nimeona mambo ambayo hayafai kutendwa mbele ya watoto, na nimeona watu wakichomana visu. Lakini humo humo katika sherehe hizo, katika Manzese, Tandale na Mburahati, majirani zetu wa kuvuka barabara tu, ndimo ulimozaliwa muziki wa singeli. Mwaka 2017 nyimbo zilizotengenezwa katika studio ndogo ya Sisso, hapo Mburahati, zilitolewa katika santuri na kampuni ya Kampala, na vijana wale wakaanza kuitwa kwenda kupiga Ulaya. Vijana wa mtaa ambao mgambo aliwafukuza kwa rungu walikwenda kupokelewa ugenini kwa makofi. Sisemi kwamba mgambo alikosea usiku ule. Nasema hapakuwa na mahali pengine pa kuwaambia waende, na hilo ndilo kosa letu.

Wenzetu wa nchi tajiri nao wamepita njia hii, na inafaa kutazama walikokwama. Jiji la New York lilitunga sheria mwaka 1926 kwamba hakuna mahali pauzapo chakula au kinywaji patakaporuhusu watu kucheza bila leseni maalumu. Baadaye, kuanzia mwaka 1940, mpiga muziki mwenyewe alitakiwa kuwa na kadi ya polisi. Billie Holiday alinyang'anywa kadi yake mwaka 1947. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, na kwa miaka ipatayo sita, katika jiji alilokulia, hakuruhusiwa kupiga katika vilabu. Kadi zilifutwa mwaka 1967, lakini sheria ya kucheza iliendelea hadi mwaka 2017. Wakati ilipofutwa, sehemu zenye leseni ya kuchezea hazikufika 100 katika jiji lenye maelfu ya baa na mikahawa. Nyingine zote zilikuwa zikivunja sheria kila mteja alipotikisa bega. Nako Uingereza, mwaka 1994, Bunge lilipitisha sheria ya kuvunja mikusanyiko ya dansi ya usiku ya watu 100 au zaidi mahali pa wazi, na ili wasikosee ni muziki gani wanaoukusudia, wakaandika ndani ya sheria kwamba ni ule wenye mapigo yanayojirudia-rudia. Hebu fikirini, Ndugu zangu. Kwa maelezo hayo Bunge lile lingeweza kuikamata sindimba yetu, na hata twanga la mama anayetwanga mpunga.

Mtaniuliza: na usingizi wetu je? Hapa sitaki nieleweke vibaya. Mwalimu mwenye madaftari sitini ya kusahihisha na kipindi cha kwanza asubuhi, muuguzi aliyetoka zamu, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji anayejiandaa kwa mtihani, mgonjwa, mtoto mchanga: hawa hawana deni lolote kwa mpenzi wa dansi. Hakuna historia ya Msondo wala Sikinde inayompa mtu ruhusa ya kumnyima jirani usingizi. Mtu asemaye kwamba asiyependa kelele ahamie shamba ni mbinafsi, hata akiwa amevaa shati la kijani. Kanuni za mwaka 2015 zilikuja kwa sababu watu walikuwa wakiumia, na kwa hakika hazikuitaja dansi peke yake. Zinavihusu viwanda, magari, wauzaji wenye vipaza sauti na nyumba za ibada pia. Huko kwa mwisho mimi siingii leo.

Kwa hiyo ni sheria ya namna gani itakayomlinda mwalimu bila kumfukuza kazi mpiga besi?

Naona kwanza itofautishe ukumbi wa maonyesho na baa yenye spika. Ukumbi uandikishwe kuwa ukumbi, uwe na siku zake na saa zake zinazojulikana mtaa mzima, na mwenye kusikia aweze kusema: leo ni Jumamosi, wataacha saa fulani. Mtu huvumilia sauti aijuayo mwisho wake kuliko ile isiyo na mwisho. Baa isiyo ukumbi isiwe na spika nje hata kidogo. Kwa shauri hili peke yake, nusu ya kelele za Mabibo zingetoweka bila mpiga muziki mmoja kupoteza kibarua.

Vibali navyo vitazamwe. Mwenye ukumbi leo ana leseni ya biashara, leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, usajili na kibali cha BASATA, malipo ya hakimiliki, Zimamoto, mapato, polisi, afisa utamaduni na serikali ya mtaa. Kila ofisi ina haki yake na ada yake na mlango wake, na ninyi mnaokaa nyuma ya milango hiyo mnajua zaidi kuliko mimi ni siku ngapi hupotea kati ya mlango mmoja na mwingine. Mtu akishindwa kuipata njia iliyonyoka, hutafuta ya kichochoro, na kichochoroni hakuna apimaye desibeli.

Halafu kuna suala la nani alitangulia. Katika jimbo la Victoria huko Australia tangu mwaka 2014, na Uingereza tangu mwaka 2018, kanuni za mipango miji zinamtaka anayekuja baadaye ndiye agharimie kuzuia sauti. Ukijenga nyumba za kupangisha kando ya ukumbi uliokuwapo, wewe ndiye uweke madirisha ya kuzuia sauti. Ukifungua ukumbi katikati ya nyumba za watu, wewe ndiye ujenge kuta. Kanuni hii ni ya haki, lakini naikubali kwa shaka kidogo, maana sehemu kubwa ya mitaa yetu ilijengwa bila ramani. Nani aseme kwa hakika, hapa kati ya Mabibo na Kigogo, kipi kilitangulia, baa au choo cha jirani? Itatubidi tuwategemee wajumbe na wazee wa mtaa, na mjumbe naye mara nyingine ni mteja.

Liko jambo moja ambalo gharama yake ni ndogo na hatulifanyi. Zamani mji huu ulikuwa na kumbi za jumuiya: Anatoglo pale Mnazi Mmoja, Amana kule Ilala, na nyinginezo. Kumbi hizo zilikuwa za mikutano mchana na za dansi usiku, na harakati za TANU na magitaa vilikaa chini ya paa moja bila kugombana. Ubungo, ambayo ilimegwa kutoka Kinondoni na kuwa Manispaa yenyewe, ina watu wengi kuliko Dar es Salaam yote ilivyokuwa siku ya Uhuru. Ingekuwa na kumbi mbili tu za namna hiyo, zenye kuta, zilizojengwa kwa makusudi, kando ya barabara kuu ambako kelele za malori zimekwisha kutangulia, bendi na vijana wa singeli wangekuwa na mahali pa kwenda kwa zamu, na afisa utamaduni angekuwa na kazi nyingine zaidi ya kugonga mihuri.

Mwisho, juu ya utaratibu. Sheria ndogo ya Halmashauri haishuki kutoka mawinguni. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, rasimu hutangazwa kwanza ili wakazi watoe maoni na pingamizi, kisha ndipo hupelekwa kwa Waziri aidhinishe. Tangazo hilo hubandikwa katika mbao za ofisi zenu. Nimepita katika ofisi kadhaa za kata kutazama mbao hizo: matangazo yaliyopo ni ya viwanja, ya chanjo na ya mabasi yaliyopotezewa mizigo, mengine ya mwaka juzi. Naomba rasimu ya namna hii itakapofika, ibandikwe juu ya hayo yote, na nakala moja ipelekwe kwa wapiga muziki wenyewe. Hawako mbali. Wanafanya mazoezi mchana, wengi wao katika nyumba zilizo nyuma ya soko, na mlango huwa wazi kwa sababu ya joto.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Naona mwalimu wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja mjumbe. Naomba apewe nafasi ya kwanza.